Turbo kwenye Starlet, Bunia: Mwongozo kwa Asiyeambilika

Mwongozo huu haumhusu mtu mwenye busara. Mwenye busara anayo Noah yake. Kila asubuhi inawaka, inabeba watoto, magunia ya maharage na shangazi, na usiku mwenyewe anapata usingizi. Mwongozo unamhusu yule ambaye tayari ameiona Starlet ndogo imelala chini ya mparachichi kule Mudzipela, akaizunguka, akapiga tairi teke, akasema kimoyomoyo: hii ikipata turbo, Bunia itanijua.

Huyo haambiliki, kwa hiyo hatutapoteza karatasi kumzuia. Tutamsaidia aharibu kwa utaratibu, hatua kwa hatua, ili mwisho wa safari ajue fedha zake zilipotelea wapi na kwa mpangilio gani.

Kabla ya kushika spana, shika kanuni moja. Watakaokupotosha si waongo. Mwongo unamjua: anaapa mno, anapunguza bei upesi, na kesho yake simu haipatikani. Watakaokupotosha ni watu waaminifu wenye ujuzi wa miaka mingi, na kila watakalokuambia litakuwa kweli tupu. Ila itakuwa kweli ya gari lingine.

Hatua ya 1: Tafuta sababu nzuri

Upumbavu wa gharama huhitaji sababu, na wewe una bahati, maana yako ipo na ni ya kisayansi. Bunia iko takriban mita 1,275 juu ya usawa wa bahari. Kwa urefu huo mgandamizo wa hewa hupungua kwa karibu asilimia 14 ukilinganisha na Mombasa. Injini ya kawaida hujivutia hewa yenyewe; ikipewa hewa nyembamba, hutoa nguvu ndogo. Gari lililokuwa likikimbia pwani, huku linahema.

Turbo huziba pengo hilo. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga. Mhimili mmoja huliunganisha na gurudumu la pili, na hilo la pili husukuma hewa kuingia kwenye silinda. Mswisi Alfred Büchi aliisajili fikra hiyo mwaka 1905, na baadaye ndege zilizopaa hadi hewa inapoadimika ziliipokea kwa mikono miwili. Vilima vya Ituri havijafika mawinguni, lakini hoja ni ileile. Ihifadhi. Itakufaa utakapoulizwa nyumbani kwa nini karo ya shule imechelewa.

Sababu ya pili ni gari lenyewe. Starlet ya mwaka 1989 hadi 1995, na ile iliyoifuata hadi 1999, haifiki tani moja kwa uzito. Toyota wenyewe waliitia turbo: kwanza GT Turbo, kisha Glanza V, zote zikiwa na injini ya 4E-FTE yenye sentimita za ujazo 1,331 na nguvu-farasi 135. Starlet nyingi za kawaida zina 4E-FE, ndugu wa tumbo moja asiye na turbo, na viungo vyao vinalingana kiasi cha kumtia mtu tamaa. Kwa hiyo hufanyi ajabu. Unafanya kile ambacho kiwanda kilikwisha kukifanya. Tofauti ni kwamba kiwanda kilikuwa na breki, giaboksi, kompyuta na petroli ya kuendana na injini hiyo, na wewe una Starlet.

Sababu ya tatu usiitumie, ingawa kila mpenzi wa mbio atakuletea: kwamba Toyota yenye turbo ilishinda Safari Rally. Ni kweli. Celica za turbo ziliichukua Safari mwaka 1984, 1985 na 1986, kisha Celica GT-Four zikaichukua mwaka 1990 na tena kila mwaka kuanzia 1992 hadi 1995, katika vumbi na matope yasiyopishana sana na ya kwetu. Lakini nyuma ya Celica hizo kulikuwa na timu yenye karakana Ujerumani, magari ya huduma, helikopta angani, na mafundi waliobadilisha giaboksi nzima kwa muda ambao wewe utautumia kuitafuta spana namba 14. Hiyo ni kweli ya kwanza ya gari lingine. Nyingine zinakuja.

Hatua ya 2: Nunua injini

Nenda Kampala, maeneo ya soko la Kisekka, ambako vipuri vimeuzwa miaka na miaka. Utakuta injini zimepangwa sakafuni, na muuzaji atakuambia hii imetoka Japani, imetembea kidogo. Imetoka Japani kweli. Imetembea kiasi gani, hilo linajulikana na dashibodi, na dashibodi ilibaki kulekule.

Wewe ni mtu wa Bunia, kwa hiyo kukagua unajua. Noti ya dola mia unaiinua kwenye mwanga, unapapasa kola ya Franklin, unatazama kingo zote nne, na ukiona mpasuko mwembamba kama unywele unairudisha kwa mwenyewe bila aibu. Ukaguzi huohuo ufanyie injini, maana mara nyingi hapo ndipo mtu aliyekataa noti kwa mpasuko wa nusu milimita huikubali turbo yenye mlegeo unaoonekana kwa macho.

Shika mhimili wa turbo kwa vidole viwili. Ukicheza kidogo sana kwenda pembeni, ni kawaida: mhimili huelea juu ya utando wa oili, na injini ikizimwa utando haupo. Ukisogea mbele na nyuma hadi vidole vihisi, au mapanga yakiwa na alama za kugusa nyumba yake, hiyo ni noti iliyochanika. Ingiza kidole kwenye bomba la hewa. Kikitoka kimelowa oili, uliza. Fungua kifuniko cha oili. Ukiona uji wa rangi ya maziwa, maji yameingia mahali pasipo pake, usiulize tena. Kisha pima mgandamizo wa silinda zote nne. Nenda na kipimo chako. Usitafute namba kubwa. Tafuta namba nne zinazofanana.

Asiyeambilika hufanya yote haya, hulipa, hupakia, halafu hugundua kwamba nyaya zilikatwa kwa kisu na kompyuta ya injini iliuzwa kwa mtu mwingine. Fundi atamfariji: tutatumia kompyuta ya Starlet yako, itawaka tu. Ni kweli, itawaka. Hata mshumaa unawaka. Lakini kompyuta ile haijawahi kusikia habari za turbo. Hewa itakaposukumwa ndani kwa nguvu, yenyewe itaendelea kupima petroli kwa kijiko cha zamani. Nunua injini pamoja na kompyuta yake, nyaya zake nzima, sensa zake na injekta zake. Kama muuzaji hana, hana injini, ana chuma.

Hatua ya 3: Isafirishe

Njia ni mbili. Ya nchi kavu hupita Karuma, Pakwach, Nebbi na Goli, ikaingia Mahagi na kushika barabara ya taifa namba 27 hadi Bunia. Ratiba yake kwa miaka mingi imepangwa na hali ya usalama wa Djugu kuliko na dereva. Ya majini huvuka Ziwa Albert kutoka Ntoroko hadi Kasenyi au Tchomia, kisha hupanda mlima. Forodha, yaani DGDA, na wakaguzi wa OCC watataka karatasi. Wape karatasi na subira.

Ushauri wa maana hapa ni mmoja. Ziba kila tundu la injini, na utumie plastiki na mkanda, si matambara. Tambara lililosahauliwa ndani ya bomba la hewa litamezwa na turbo siku ya kwanza, na siku ya kwanza itakuwa ya mwisho.

Hatua ya 4: Mtafute bingwa wa turbo

Asikudanganye mtu kwamba Bunia haijui turbo. Kila Fuso linalopanda na samaki kutoka ziwani, kila lori linaloingia kutoka Mahagi, lina turbo inayopiga mluzi chini ya kichwa cha gari. Wapo mafundi hapa wanaoifungua turbo juu ya turubai kando ya barabara, mawingu yakiwa yamekwisha kujikusanya, wakaisafisha, wakaifunga, lori likaondoka kabla ya mvua. Nenda kwa mmoja wao. Atafuta mikono, atakutazama kwa huruma, atasema:

“Patron, turbo ni turbo tu. Ile ya Fuso nilifunga mie mwenyewe, mupaka leo iko natembea.”

Kila neno hapo ni kweli, na kweli hiyo ndiyo itakayoyeyusha pistoni zako.

Injini ya mazutu, yaani dizeli, huvuta hewa tupu, ikaibana hadi iwe ya moto mkali, kisha mafuta hupulizwa ndani na kuwaka papo hapo. Hewa ya ziada haiidhuru. Mara nyingi huipoza. Ukiongeza presha ya turbo bila kuongeza mazutu, moshi mweusi hupungua na dereva hufurahi. Injini ya esansi ina tabia nyingine kabisa. Yenyewe huchanganya hewa na petroli mapema, hubana mchanganyiko huo, kisha husubiri cheche ya plagi. Ukizidisha hewa bila kuzidisha petroli kwa kipimo chake, joto hupanda, na sehemu ya mchanganyiko hulipuka yenyewe pasipo kungoja zamu. Utasikia mgongano mkavu, wa harakaharaka, hasa ukipanda mlima. Huo ndio ugonjwa unaoua injini za aina hii: hula kingo za pistoni, huvunja ringi, hupasua gasketi ya hedi, na usipoachia mguu hutoboa pistoni katikati. Isitoshe, moshi wa injini ya petroli yenye turbo unaweza kupita nyuzi 900 za Selsiasi, joto ambalo turbo ya lori kwa kawaida hailioni.

Kwa hiyo mazoea ya lori, kwamba presha ya ziada ni zawadi na kwamba mchanganyiko mkavu hauna neno, yamejaribiwa kwa miaka na yakafaulu, kwenye lori. Fundi hajakosea, ameulizwa swali la gari lingine akajibu la gari analolijua.

Usimbishie kwa ukali. Mwite papa, keti naye, mtolee soda, na umpe namba za kiwanda zilizochapishwa: toki ya kila boliti, nafasi ya kila kusinete (beringi za kranki), presha ya turbo. Mikono yake unaihitaji sana, kwa sababu mtu aliyezoea kufungua turbo barabarani anajua usafi ni nini. Fundi mzuri haogopi karatasi. Anayeikasirikia karatasi, mwache na Fuso lake, msalimie ukipita.

Hatua ya 5: Ifumue na uijenge upya

Tandika turubai. Kila boliti iwe na mfuko wake wenye maandishi. Kuna boliti zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa urefu, na ile ndefu ikiingizwa kwenye tundu la fupi hutoboa kisichopaswa kutobolewa.

Kranki ikiwa na mikwaruzo, itachongwa. Kawaida huanza kupunguzwa robo milimita, na kusinete mpya lazima ziwe za kipimo hichohicho. Baada ya kufunga, utaambiwa izungushe kwa mkono. Ikizunguka, ni sawa. Kuzunguka itazunguka. Lakini nafasi inayotakiwa kati ya kusinete na kranki ni ndogo kuliko unene wa unywele, na mkono wa binadamu hausomi kipimo hicho. Kuna uzi wa plastiki unaolazwa juu ya kranki. Kusinete hukazwa kwa toki yake kamili, hufunguliwa, na upana wa uzi uliobanwa husomwa kwenye karatasi yake. Bei ya uzi huo ni ndogo kuliko ya oili utakayoimwaga injini itakapojishika.

Ringi za pistoni ziingizwe moja moja ndani ya silinda yake, na pengo kati ya ncha zake lipimwe. Injini yenye turbo huhitaji pengo kubwa kuliko ya kawaida, kwa kuwa ringi hupata joto zaidi na hutanuka zaidi. Pengo likiwa dogo, ncha zitakutana injini ikiwa imepamba moto. Ringi haitakuwa na pa kwenda, na itajitengenezea nafasi ndani ya pistoni.

Hedi ikiwa imepinda, ichongwe kiasi cha kunyooka, basi. Mtu atapendekeza kuchonga kidogo zaidi ili gari liwe jepesi kuitika. Kwa Corolla isiyo na turbo, hilo hufanya kazi: chumba cha mwako hupungua, mbano hupanda. Lakini 4E-FTE ilipewa mbano wa 8.2 kwa 1, wakati nduguye asiye na turbo ana 9.6 kwa 1, na haikuwa kwa ubahili. Mbano uliobaki unaletwa na turbo. Ukiuongeza kwa mashine ya kuchonga, umeukaribisha ugonjwa wa Hatua ya 4 kwa mlango wa nyuma. Kwa sababu hiyohiyo, wazo la kuifunga turbo moja kwa moja juu ya injini yako ya zamani, uokoe bei ya injini, usilitamke mbele ya watoto.

Boliti za hedi hukazwa kutoka katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kwa spana ya toki. Mji huu una mikono inayokaza kwa mazoea na haikosei, kwenye hedi za chuma kizito za malori. Yako ni ya aluminiamu.

Silinda zikishanolewa, osha bloku kwa maji ya moto na sabuni, upitishe brashi kwenye kila njia ya oili, uoshe tena. Unga wa jiwe la kunolea hauonekani, na ndio unaomaliza kusinete mpya. Gundi ya silikoni nayo ipakwe kwa ubahili. Inayofura kwenda nje utaiona na kuifuta. Inayofura kwenda ndani huioni, na itasafiri hadi kwenye chujio la pampu ya oili na kuketi hapo.

Hatua ya 6: Iingize ndani ya gari

Injini itaingia. Hiyo ndiyo habari mbaya, maana watu wote watapiga makofi na kudhani kazi imekwisha.

Angalia kwanza bomba linalorudisha oili kutoka kwenye turbo. Mhimili huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Oili huingia kwa presha ya pampu, lakini hutoka kwa uzito wake tu. Bomba la kurudi liwe nene, lishuke moja kwa moja, lisipindwe ili kukwepa kitu. Likibanwa, oili hujaa ndani ya turbo na kuvuja kwenye moshi, gari litatoa moshi wa buluu, na utauziwa turbo ya pili kwa ugonjwa wa bomba.

Manifoldi ya moshi iwe ile ya chuma cha kusubu iliyotoka kiwandani. Mchomeleaji hodari atakuonyesha nyingine aliyoiunda kwa mabomba ya maji, na kweli inapendeza. Itapendeza hadi joto la kwanza la mlima liipasue.

Filta ya hewa utaitaka ile ya koni, iliyo wazi, yenye sauti ya kuvuta. Kuanzia Desemba hadi Februari, vumbi jekundu la Bunia huingia hata kwenye kabati lililofungwa. Kwa mapanga yanayozunguka kasi hiyo, vumbi ni msasa. Boksi la filta la kiwandani halina sauti wala sifa, na ndilo utakalolifunga.

Aya hii ndiyo itakayorukwa na kila msomaji, kwa hiyo tutaiandika fupi. Breki za Starlet ya kawaida zilipimwa kwa nguvu za Starlet ya kawaida. Toyota walipoongeza nguvu waliongeza na breki. Nunua breki, klachi, giaboksi na shafti za magurudumu kutoka kwenye gari lilelile lililotoa injini, kabla hujanunua rimu.

Hatua ya 7: Ilishe

Kadhafi, wale wauzaji wa petroli ya chupa na madumu kando ya barabara, ni rafiki wa mji mzima. Dereva wa pikipiki atakuapia kwamba ananunua pale kila siku na Boxer yake haijawahi kulalamika. Anasema kweli ya Boxer. Injini ya Glanza iliandaliwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani. Oktani ni uwezo wa petroli kuvumilia kubanwa bila kulipuka yenyewe, na hakuna kinachoushusha upesi kama mafuta ya taa yaliyoongezwa ili dumu lijae, au dumu ambalo jana lilikuwa na mazutu. Pua haitakuambia, wala rangi. Chagua kituo kimoja chenye tangi na sifa, nunua hapo siku zote, na uache presha ya turbo pale kiwanda kilipoiacha.

Oili iwe ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha injini, yenye muhuri ambao haujaguswa, na ibadilishwe mapema kuliko desturi ya mtaa. Ukifika nyumbani baada ya mwendo mkali, usizime mara moja. Kaa ndani dakika moja au mbili injini ikinguruma taratibu, ili oili inayopita ibebe joto la turbo. Ukizima ghafla, oili iliyobaki kwenye mhimili huungua na kuwa masizi magumu. Majirani watadhani unaringa. Waache wadhani.

Hatua ya 8: Ongeza presha

Siku itafika, wala haitachelewa, utakapoona nguvu-farasi 135 ni za wazee. Utafungua simu, utamkuta kijana wa Uingereza mwenye injini kama yako, anakaza skrubu moja na gari linaruka. Hadanganyi. Ila ana petroli ya oktani 99 inayouzwa kwenye supamaketi za kwao, na yuko karibu na usawa wa bahari.

Hilo la pili ndilo watu hulisahau. Kipimo cha turbo huonyesha presha iliyoongezwa juu ya hewa ya mahali ulipo. Bunia hewa yenyewe ni pungufu, kwa hiyo ili mshale ufike pale unapofika kwake, turbo yako hulazimika kubana hewa kwa uwiano mkubwa zaidi, izunguke kasi zaidi, na itoe hewa ya moto zaidi. Namba ni moja, jasho ni tofauti.

Kompyuta ya Toyota huikatia injini petroli presha inapovuka mpaka, na gari hugutuka. Utauziwa kifaa cha kuidanganya sensa ili isigutuke tena. Ni kweli haitagutuka. Itakaa kimya hadi pistoni iongee. Kama ni lazima ununue kifaa, nunua kipima mchanganyiko wa hewa na petroli, kipima presha ya oili na kipima joto la maji. Havina sauti wala havionekani na wapita njia, ndiyo maana ni rahisi kuviahirisha.

Hatua ya 9: Toka barabarani

Starlet yako imetoka Japani, usukani uko kulia. Kongo huendesha upande wa kulia. Ukitaka kulipita lori, utaona matairi yake tu. Abiria wako wa kushoto ndiye macho yako. Mchague kwa makini: awe mtu anayejua kusema “bado”.

Polisi wa roulage, yaani trafiki, hatahitaji kufungua boneti, sauti itamwita. Mkaribishe kwa heshima, “shefu”, na uwe na carte rose, vignette na bima mkononi.

Jambo moja halina mzaha. Duniani kote kuna vijana wanaozirekebisha injini za turbo ili bomba la moshi lilipuke pah-pah kila wanapoachia mguu. Bunia isilisikie hilo. Huu ni mji uliopita mapigano ya Mei 2003, ukaletewa kikosi cha Umoja wa Ulaya Juni ya mwaka huo, na mkoa wake umekuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 6, 2021. Mlio kama ule saa mbili usiku, Nyakasanza au Mudzipela, huwalaza watoto chini ya kitanda. Na mwenye bunduki kwenye kizuizi hana muda wa kueleweshwa habari za turbo. Funga kizuia sauti kizuri, kisha ondoka polepole.

Mwendo wenyewe utakuwa mfupi. Turbo huhitaji injini ipande mizunguko kabla haijaanza kusukuma, na itakapoanza kusukuma utakuwa umekwisha kufika kwenye tuta au shimo. Weka bati nene chini ya sampu ya oili, usishushe springi, na uzihesabu nguvu-farasi zako kwa zile zinazofika kwenye tairi kati ya tuta na tuta.

Maswali ya walioonywa

*Itagharimu kiasi gani?* Injini ndiyo sehemu ya bei nafuu. Tenga fedha yake, kisha tenga fungu la pili lisilopungua hilo kwa breki, klachi, rejeta, vipimo, usafiri na kufumua mara ya pili. Kama fungu la pili halipo, la kwanza lirudishe mfukoni.

*Je, nikitafuta Glanza nzima iliyokwisha kukamilika?* Umeanza kuambilika. Mwongozo huu haukuhusu tena.

*Basi niwakwepe mafundi wa malori?* Hapana, ndio bora ulio nao. Kila anayekushauri muulize swali moja tu: hilo uliliona kwenye gari gani? Akitaja gari lake bila kusitasita, amekusaidia sana, hata kama ushauri wenyewe hautautumia.

*Rejeta itamudu?* Kasenyi iko ukingoni mwa Ziwa Albert, karibu mita 620 juu ya usawa wa bahari, na Bunia ni zaidi ya mita 600 juu yake. Kupanda huko na mzigo, jua la mchana likiwaka, ndio mtihani halisi wa rejeta, petroli na kazi yote ya fundi.

*Kwa hiyo itafika Kasenyi?* Itafika bila wasiwasi. Kwenda huko ni kushuka.